Bwana Ekambaram na Prosesa Iliyotiwa Nukta

Bwana Ekambaram hanunui kitu kabla hajakishika. Hata nyanya. Mkewe aliacha kumtuma sokoni tangu siku alipominyaminya mabilinganya ya mama wa watu mpaka yule mama akamwuliza kama anataka kuyaoa. Vidole vyake vilianza kazi kwenye mashine za kupiga chapa, enzi zile Chennai nzima ilipokuwa ikiandika barua kwa kelele. Mashine hizo zilipokufa vikahamia kwenye kompyuta, na leo ana miaka sitini na mitatu na bado akifumba macho atakwambia bisibisi gani umempa.

Namjua vizuri kwa sababu kibanda changu kinatazamana na chake. Mtaa wa Ritchie haujui upana. Kati yake na mimi ni hatua nne, na katika hatua hizo tumepitisha miaka ishirini ya kahawa, umbea na ugomvi. Naitwa Meharunnisa, nauza nyaya, na watu wanaonunua vitu kwenye simu siwapendi. Nalisema mapema ili nisije nikaambiwa nimeficha.

Wateja wake aliwafundisha neno moja: mkono kwanza, pesa baadaye. Mtu akitaka kuundiwa kompyuta, Ekambaram humshika mkono mpaka duka la mzee Chordia pale kona, wanatoa kila kipande kwenye boksi, anakigeuza, anakisoma kwa kile kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni mwake, ndipo mteja analipa. Kompyuta ikishakamilika huibandika karatasi ndogo ya rangi ya waridi yenye jina lake, namba ya simu, na maneno haya: "Ikikusumbua, niamshe." Na watu humwamsha kweli. Nimemwona akielekeza mtu kwa simu namna ya kufungua feni huku mdomo umejaa dawa ya meno.

Sasa mtu huyu, ambaye ameunda kompyuta za nusu ya mji, nyumbani kwake hapakuwa na hata moja. Wahenga hawakukosea waliposema mganga hajigangi. Mkewe, Visalakshi, alivumilia miaka thelathini na miwili.

Visalakshi ni mchoraji wa kolam, yale mapambo ya unga wa mchele ambayo wanawake wetu huchora mlangoni alfajiri. Kila mtu huchora, lakini yeye ana kipaji. Mlangoni kwangu hapachorwi kitu, sisi Waislamu hatuna desturi hiyo, ila nimewahi kuzunguka mtaa mzima ili nisikanyage tausi wake. Mifano yake yote ameichora kwa penseli kwenye shajara za bure za makampuni ya bima, shajara arobaini na moja, nukta na mistari, nukta na mistari. Mwaka huo wanawake wa mtaani kwake walimshika: tutengenezee kitabu, tukipate kabla ya mwezi wa Margazhi, maana mwezi huo kila mlango unashindana na mwenzake. Visalakshi akamjia mumewe dukani na chakula cha mchana, akamwekea sahani, akasema:

"Wote umewaundia. Mimi je?"

Ekambaram alikuwa na tonge mdomoni. Akalimeza zima.

"Utaipata," akasema. "Kabla ya sikukuu ya Deepavali. Tena nitakuundia ambayo hata mabosi wa benki hawana."

Hapo ndipo alipojiponza. Angesema "nitakuundia" akanyamaza, yote haya yasingetokea. Lakini kinywa kilishaahidi makubwa, na yeye ni mtu wa kutimiza. Akaanza kuwinda prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na hakutaka ubongo wa kawaida. Alitaka yenye viini kumi na viwili, aina ambayo watu wanaotengeneza sinema huitumia. Kwa Chordia bei yake ilimfanya akae kwenye stuli.

Siku mbili baadaye nikamwona anaitazama simu yake huku anatabasamu peke yake.

"Kaka, umepata mchumba?"

"Njoo uone, Mehar. Ileile. Bei karibu nusu ya Chordia."

Nikavuka hatua nne nikaona. Ilikuwa kwenye lile soko kubwa la mtandaoni, jina nalihifadhi, na muuzaji ndani yake alijiita Raja wa Prosesa. Picha inang'aa, maneno "mpya kabisa, haijafunguliwa" yameandikwa mara tatu. Kitu kipya cha kweli husemwa mara moja.

"Umeishika?" nikamwuliza.

"Nitaishika ikifika."

"Na ile mkono kwanza?"

"Dunia inabadilika, Mehar. Ina nyota elfu mbili."

"Hata mbinguni zipo. Nani kazinunua?"

"Wewe una wivu kwa sababu huko wanauza na nyaya."

Maneno hayo yaliniuma, kwa hiyo nilirudi kwangu nikanyamaza. Ningepiga kelele siku ile labda ningemwokoa. Lakini mtu akishatukana nyaya zangu, akauziwe mbuzi kwenye gunia, shauri yake.

Prosesa ilifika siku moja kabla ya Ayudha Puja, siku ya kuvipa heshima vyombo vya kazi. Mtaa wetu siku hiyo ni raha tupu. Maduka huoshwa, milango hufungwa majani ya mgomba, maboga hupasuliwa barabarani mpaka pikipiki zinateleza, na wote tunakula bisi za mchele na dengu bila kuulizana dini. Vyombo vyote vya kazi hupangwa mbele ya picha ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, vikapakwa manjano na msandali, vikatiwa nukta ya unga mwekundu, kisha hakuna mwenye ruhusa ya kuvigusa mpaka kesho yake asubuhi. Siku hiyo chombo kinapumzika. Ukikigusa, umekosa adabu.

Kwa Ekambaram, kazi ya kupaka ni ya Visalakshi. Alikuja na kapu lake, akaanza na koleo, bisibisi, chuma cha kulehemu, feni, kikokotoo, stuli, hata ile birika ya kahawa. Mkasi wangu nao kila mwaka huvuka hatua nne, nami kila mwaka hujifanya sijaona. Kisha akaliona boksi jipya. Akalifungua, akatoa kibweta cha plastiki kinachoikinga prosesa, akaitoa, na kabla mumewe hajageuka akaitia nukta nyekundu katikati ya mgongo wake wa chuma.

"Wewe mama!" Ekambaram aliruka kama kakanyaga waya. "Huo ni ubongo wa kompyuta, si paji la uso!"

"Na ubongo hukaa wapi, kama si nyuma ya paji la uso?"

"Tazama! Na kibweta umekitia manjano!"

Kweli, kwenye kona ya kibweta kidole cha Visalakshi kilikuwa kimeacha alama ya njano, duara kamili na mistari yake yote. Ekambaram akaisugua kwa kitambaa. Haikutoka. Manjano yakishaingia kwenye plastiki yamehamia hapo.

"Koleo zako nimezipaka miaka thelathini na miwili hukusema neno," Visalakshi alisema. "Hiki ndicho chombo cha kwanza ambacho ni changu. Nacho nitakipaka."

Ekambaram akashusha mabega. Mimi nikapiga picha ya vyombo vyote, kama nipigavyo kila mwaka, tukagawana dengu.

Kesho yake asubuhi ndiyo siku ya kuanza kazi upya, siku ya bahati. Visalakshi alikuja mapema kushuhudia. Ekambaram akamimina spiriti kidogo, akachovya pamba, akaanza kuifuta ile nukta. Nukta ikatoka. Akavuta pamba mara nyingine ili amalizie, na namba ya kwanza ya prosesa ikatoka nayo.

Alisimama. Akavuta tena. Neno zima likaja kwenye pamba, jeusi kama wanja.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Maandishi ya prosesa ya kweli huchomwa kwenye chuma kwa mwanga mkali. Hata ukiyasugua kwa spiriti kuanzia Idi hii mpaka Idi ijayo, yatakutazama tu. Yakitoka kwa pamba, basi kuna mtu ameisugua ya zamani kwa msasa, akaiandika jina la mkubwa wake. Ekambaram alichukua ubao mkuu wa kompyuta. Akaifunga hapo, akawasha, na kompyuta ikaandika kwenye kioo jina lake la kweli: prosesa ya miaka mingi nyuma, ya viini vinne.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nilikuwa na maneno matamu tayari mdomoni, kuhusu nyota elfu mbili. Lakini nilipomwona anavua kile kioo cha kukuzia na kukiweka mezani taratibu, maneno yote yalinikauka. Nilimhurumia sana.

Visalakshi aliuliza, "Ndiyo nini hii?"

"Nimepigwa changa la macho."

"Wewe?"

"Mimi."

Visalakshi akaitazama ile pamba nyeusi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Kwa hiyo wateja unawanunulia kwa Chordia, kwa mkono. Mimi umeninunulia kwa picha."

"Nilitaka upate kubwa."

"Nilikuomba kubwa? Nilikuomba yangu."

Akachukua kapu lake akaondoka. Siku hiyo chakula cha mchana kililetwa na jirani yao, na Ekambaram hakukigusa. Pesa ile ilikuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo kwa kazi hiyo. Kama isingerudi, Deepavali ingefika na shajara arobaini na moja zingebaki palepale kabatini, na Visalakshi angejua kwamba mume wake, ambaye hajamwangusha mteja hata mmoja, amemwangusha yeye.

"Zipo siku ishirini," nikamwambia. "Acha kukaa kama mzigo. Andika malalamiko."

Akaandika. Kwanza alijibiwa na mashine. Ilimwita mpendwa mteja, ikamwambia inaelewa usumbufu wake, ikamwuliza kama tatizo lake ni rangi, saizi au harufu.

"Harufu!" Ekambaram aliniletea simu. "Niseme nini?"

"Bonyeza harufu. Jambo lenyewe linanuka."

Hakubonyeza. Aliandika barua ndefu, ya adabu, kwa mtindo wa zama za mashine za chapa, na mwisho akaweka "wako mtiifu". Siku ya tatu Raja wa Prosesa akajibu: bidhaa ilitoka kwake ikiwa mpya, na mteja ndiye aliyeiharibu kwa kemikali nyekundu isiyojulikana.

Hapo mzee alipata moto. Nilimsikia kutoka upande wangu.

"Kemikali? Unga wa mke wangu kemikali?"

"Ndiyo maana unakuunguza," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu balaa hilo akajizuia kucheka.

Tuliandika tena na tena. Siku ya tano lile soko likatoa hukumu ya katikati: halirudishi pesa, ila muuzaji atabadilisha. Atume ile mbovu, ataletewa nyingine mpya kutoka ghala jingine. Akija kulalamika tena, awe na video ya kufungua boksi tangu mwanzo hadi mwisho, isiyokatwa. Kijana wa usafirishaji akaja, akabeba boksi, akaenda.

Wiki ile ndefu ya kungoja, Ekambaram alifanya kazi huku akihesabu siku. Nyumbani, alinieleza, Visalakshi alikuwa anamkaribisha chakula kwa heshima kama mgeni. "Karibu, kula. Umeshiba?" Basi. Mwanamke wa kwetu akikugombeza bado yuko nawe. Akikukaribisha kama mgeni, ujue mambo si mazuri.

Siku ya kumi na mbili boksi likaja. Simu niliishika mimi. Sikumwachia mtu mwingine, maana ningeweza kuhitaji kutoa ushahidi, na ushahidi wangu huwa mrefu.

"Hapa ni mtaa wa Ritchie," nikaanza kurekodi, "saa nne asubuhi, huyu ni Bwana Ekambaram, mtu mwaminifu kuliko wote hapa, ingawa alinitukania nyaya."

"Mehar, funga mdomo nifungue."

Akakata utepe. Akatoa boksi la ndani, jipya, limefungwa kwa nailoni. Akatoa kibweta cha plastiki. Akakiweka mezani, akakisogeza kwenye mwanga.

Kwenye kona kulikuwa na alama ya njano. Duara kamili, na mistari yake yote.

"Hiki ni kidole cha mke wangu," alisema.

Nikasogeza simu mpaka karibu niimeze ile plastiki. Kidole cha Visalakshi kilikuwa kimetoka kwetu, kimesafiri kwenda kwa Raja wa Prosesa, kimeona nchi, na kimerudi salama. Wale watu walikuwa wameifuta prosesa, wameiandika upya, wameitia kwenye boksi jipya, na kile kibweta hawakukibadilisha kwa ubahili. Labda walidhani ni uchafu tu. Ekambaram akachovya pamba kwenye spiriti, akapitisha mara moja mbele ya kamera, na maandishi mapya yakaja yote kwenye pamba.

Ndipo alipocheka. Alicheka mpaka miwani ikamtoka, na mtaa mzima ukaja kuuliza nani kazaliwa.

Tukapiga simu kwa soko lenyewe, tukakataa mashine mara sita mpaka tukapewa mtu. Binti mwenye sauti laini, akajitaja: Yazhini. Akasoma karatasi yake: anaelewa usumbufu wetu, kwa mujibu wa rekodi tumeshabadilishiwa, kwa hiyo ombi limefungwa.

"Mwanangu," Ekambaram alimwambia kwa upole, "nimekutumia video sasa hivi, na picha moja ya zamani. Nakuomba uzitazame, kisha ufunge unachotaka kufunga."

Picha ya zamani ilikuwa ile yangu ya Ayudha Puja. Tukangoja. Tukasikia vidole vyake vikibofya, halafu sauti ikarudi na haikuwa tena ile ya karatasi.

"Mzee, hii ya njano hapa kwenye kibweta. Ni manjano na msandali?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mliipaka siku ya Ayudha Puja?"

"Mke wangu ndiye aliyepaka. Nilimgombeza."

"Baba yangu ni dereva wa lori, huko Tirunelveli," Yazhini akasema. "Mama yangu hupaka usukani kwa kidole namna hii hii. Baba naye humgombeza kila mwaka." Akakohoa, akakumbuka yuko kazini. "Lakini muuzaji ameandika hapa kwamba hii ni bidhaa mpya, kutoka ghala jingine."

"Basi kwenye ghala hilo mke wangu yumo ndani."

Tulimsikia binti wa watu akibana kicheko. Nami sikuweza tena kuvumilia.

"Njia ya mwongo ni fupi!" nikapiga kelele juu ya bega la mzee.

"Huyo ni nani?"

"Jirani. Anauza nyaya."

"Mwambie apunguze sauti, mzee. Mazungumzo haya yanarekodiwa."

"Yarekodiwe!" nikasema. "Andika na jina langu. Meharunnisa, n mbili!"

Yazhini akamwomba Ekambaram apime alama katika picha ya kwanza na ya pili, apige picha karibu, ataje siku na saa. Alifanya kila kitu mara mbili. Mwisho binti akasema, "Mzee, nalipeleka hili kwa wakubwa wangu mwenyewe, kwa mkono wangu. Na mwambie mama ahsante."

"Ahsante ya nini?"

"Ya kupaka."

Siku ya kumi na sita pesa ikarudi, yote. Raja wa Prosesa alitoweka sokoni wiki hiyohiyo. Mwezi mmoja baadaye niliona picha zilezile, safari hii mwenye duka anaitwa Maharaja. Amejipandisha cheo. Nilimtumia Yazhini kiungo, akanijibu kwa alama ya mikono iliyounganishwa.

Ilibaki siku nne kabla ya Deepavali. Ekambaram alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikumbuki aliwahi kulifanya, akaenda nyumbani, akarudi na Visalakshi amevaa sari ya kutokea. Wakapita mbele yangu bila kunisalimia. Nikafunga kibanda nikawafuata. Kama hawakutaka niwafuate wangepita njia nyingine.

Kwa Chordia, Ekambaram alisimama nyuma ya mkewe kama mshenga.

"Mteja ni huyu," akamwambia Chordia. "Mwonyeshe yeye."

Chordia akapanga prosesa tatu mezani. Visalakshi akaomba kile kioo cha kukuzia. Akaishika ya kwanza kwa kingo, akaigeuza, akaisoma. Akaishika ya pili. Ile kubwa, ya viini kumi na viwili, hakuigusa kabisa.

"Hii ya kati," akasema. "Ya kuchora nukta inatosha?"

"Mama, hii itachora nukta za India nzima," Chordia alimjibu.

"Basi yatosha. Kinachobaki kanunulieni printa."

Ekambaram alitaka kusema kitu kuhusu mabosi wa benki. Nilimkanyaga mguu.

Kompyuta aliiunda jioni ileile, huku watoto wanalipua fataki mtaani na mimi nimekaa kwenye stuli yake bila kualikwa. Alifunga ubao, akafunga kisanduku cha umeme, akapanga nyaya. Nyaya zilikuwa zangu, nimempa zawadi, ili asiseme tena. Ilipofika zamu ya prosesa, akaishika kwa vidole viwili, akamgeukia mkewe, akamnyooshea.

"Weka nukta."

Visalakshi alimtazama kuona kama anamtania. "Leo si siku yake."

"Najua. Weka."

Visalakshi alitoa kifundo kidogo cha unga mwekundu kutoka kwenye pindo la sari, akagusa kwa kidole cha pete, akatia nukta katikati ya chuma. Ekambaram akampa pamba iliyochovywa spiriti.

"Sasa futa."

"Mimi?"

"Ni yako."

Akafuta. Polepole kwanza, kisha kwa nguvu, kama anayesafisha sufuria ya mama mkwe. Nukta ikatoka. Sote watatu tuliinama juu ya kile kipande cha chuma kisichozidi kucha mbili za kidole gumba, vichwa vinagusana, na nikachukua kioo cha kukuzia nikasoma kwa sauti namba moja baada ya nyingine. Zote zilikuwepo. Hakuna hata moja iliyotoka. Niliona aibu, maana machozi yalinijia, na ni prosesa tu.

Ilipokamilika, Ekambaram akatoa karatasi yake ya rangi ya waridi, akaibandika ubavuni. Visalakshi akaisoma.

"Ikikusumbua, niamshe," akasoma. "Na wewe ukinisumbua, nimwamshe nani?"

"Niite mimi," nikasema. "Hatua nne tu."

Akawasha. Visalakshi akakaa mbele ya kioo, mgongo umenyooka kama anayesubiri kupigwa picha. Ekambaram akamwonyesha namna ya kushika kipanya, akaondoa mkono wake haraka asije akaambiwa anamwingilia. Visalakshi akabofya. Katikati ya weupe wa kioo ikatokea nukta moja, ndogo, nyeusi.

Bwana Ekambaram aliitazama muda mrefu. Hakuamini, na yeye kitu asichokiamini hukishika. Akanyoosha kidole chake kilichojaa grisi, akaigusa.

"Usiguse," Visalakshi akasema, "utaacha alama."

Akaiacha kweli, duara kamili na mistari yake yote. Kitabu kimeshachapwa, Margazhi imepita, na nikienda kwao hukiona kile kioo kinavyong'aa kila pembe isipokuwa hapo. Visalakshi hajaifuta.